Pamejaa, Kumejaa, Mmejaa

Wako watu, tena wenye elimu na vyeo, wasemao kwamba Kiswahili ni lugha nzuri ya salamu, ya nyimbo na ya siasa, lakini mtu atakapo kueleza kwa usahihi jambo lililopo mbele ya macho yake, kama vile jengo hili lilivyo na jengo lile, hana budi kukimbilia Kiingereza. Maneno hayo husemwa kwa upole, kana kwamba ni shauri lililokwisha kukatwa zamani. Shauri hilo halikukatwa. Aidha, dhana yenyewe ni ya uongo. Na uongo huo si wa kuchekwa na kuachwa, maana humfanya mwanafunzi ayadharau macho yake mwenyewe, na huweza kumpotezea mtu hata kiwanja chake.

Jambo hili laonekana kwanza darasani. Mwanafunzi wa Dar es Salaam afundishwapo kueleza kwa Kiingereza mahali yalipo majengo, mara nyingi huwekewa ramani ya mji mdogo usio na jina. Katika mji huo mna benki moja, kanisa moja, posta moja na shule moja. Kila jengo limesimama peke yake, limeuelekeza uso wake barabarani kama askari katika gwaride. Mwanafunzi huulizwa posta ipo wapi, naye hujibu kwamba ipo baina ya benki na kanisa; akijibu hivyo hupata alama zake. Kisha kengele hulia, na mwanafunzi yule yule hutoka akaingia Kariakoo. Huko hapana jengo lililo peke yake. Chini mna fremu za maduka, juu mna stoo na vyumba. Mbele ya fremu pana meza, mbele ya meza pana machinga aliyetandika viatu juu ya turubai, na mbele ya machinga hupita mkokoteni na mwenye mkokoteni akiomba njia. Ubavuni mwa jengo mna kichochoro, na mwisho wa kichochoro mna ngazi ipandayo kwenye maduka mengine ambayo mgeni hawezi kuyadhania. Mwanafunzi huyo, akiagizwa na mama yake mdogo kupeleka mzigo, hufika bila kupotea. Na akiulizwa njia na mgeni, humwelekeza mpaka mlangoni. Lakini elimu hiyo haikupewa alama hata moja. Kitabu kimemfundisha kwamba kueleza mahali ni kuueleza mji asiouona, na kwamba mji anaouona hauelezeki.

Hoja ya watetezi wa dhana hiyo ni hii. Kiingereza, wasema, kina maneno mengi madogo madogo ya mahali, nacho Kiswahili kina silabi moja tu, yaani "-ni", ibandikwayo mwishoni mwa jina. Mwingereza hutenga "at the market" na "in the market". Mswahili husema "sokoni" akaishia hapo. Basi Mswahili hajali kama mtu yumo ndani ama yuko nje.

Hoja hii yaonyesha kwamba mwenye kuitoa amelitazama jina akakisahau kitenzi. Amefanya kama mtu aihukumuye nyumba kwa mlango wake, na wahenga walikwisha kuonya kwamba nyumba njema si mlango. Neno "sokoni" ni mlango tu. Ndani yake mna vyumba vitatu. Mtu akisema "sokoni pamejaa watu", ana mahali maalumu machoni pake au akilini mwake, pembe ile hasa anayoizungumzia. Akisema "sokoni kumejaa watu", anaeleza eneo zima, pamoja na mitaa iliyo jirani. Akisema "sokoni mmejaa watu", sasa ni ndani, chini ya paa, baina ya vizimba. Jina halikubadilika hata herufi moja, na mahali pamebadilika mara tatu. Vivyo hivyo mzigo upo, mzigo uko, mzigo umo. Kwa yote matatu Mwingereza aweza kusema "it is there" akatosheka; akitaka zaidi huongeza maneno. Mswahili hakuachiwa hiari hiyo: sarufi yake humlazimisha kuchagua kabla hajamaliza kutamka. Bibi E. O. Ashton, aliyeitoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, aliona haja ya kuwafafanulia Waingereza wenzake tofauti hizo. Ni ajabu kwamba jambo ambalo mgeni alihangaika kujifunza, baadhi ya wenyeji wakana kwamba lipo.

Hata hivyo, haki haina upande, na Kiingereza nacho kina mambo ambayo hakimwachii msemaji wake hiari. Mwingereza hutenga kwa ukali kitu kilicho "in front of" jengo na kitu kilicho "opposite" jengo. Cha kwanza kipo usoni pa jengo, kwa kawaida upande ule ule wa barabara. Cha pili kipo ng'ambo ya barabara, kikielekeana nalo. Kiswahili kinayo maneno ya kutenga hayo: husemwa mkabala na jengo, ng'ambo ya barabara, au jengo hili laelekeana na lile. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno "mbele" hubeba mizigo yote hiyo, na juu yake hubeba mzigo wa tatu. Msafiri apitaye Mtaa wa Msimbazi, akiambiwa kwamba duka lipo mbele ya kituo cha polisi, mara nyingi huelewa kwamba akipite kituo kwanza, duka atalikuta huko aendako. "Mbele" kwake ni mbele ya safari, si uso wa jengo. Mwingereza akiisoma sentensi hiyo kwa kipimo chake atasimama mlangoni pa polisi na kutafuta duka lisilopo.

Je, nani amekosea? Hapo ndipo mwalimu wa haraka huchukua kalamu nyekundu na kuandika kwamba mwanafunzi hajui mahali vitu vilipo. Lakini mwanafunzi anajua. Alichokosa ni kuambiwa kwamba lugha mbili zinapima kwa fimbo mbili. Wala si Waswahili peke yao. Mwaka 1982 mtaalamu wa isimu Clifford Hill alieleza jinsi Wahausa waionavyo mbele: aghalabu kitu kilicho ng'ambo ya mti, mbali na msemaji, kwao ndicho kilicho mbele ya mti, ambapo Mwingereza angesema kipo nyuma yake. Huko Queensland, Australia, wasemaji wa lugha ya Guugu Yimithirr hawategemei kushoto na kulia kama Waingereza, bali hueleza hata vitu vilivyo karibu nao kwa mashariki na magharibi, kaskazini na kusini. Na watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliziita kaskazini na kusini kwa majina ya pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi yao. Tena Makka ipo karibu kaskazini kamili ya Dar es Salaam. Mtu auonaye msikiti na kujua kibla chake, hata katikati ya maghorofa ya Kariakoo, ana dira isiyohitaji betri. Basi Kiingereza ni njia moja miongoni mwa njia nyingi za kuupima ulimwengu. Ni njia nzuri. Lakini asemaye kwamba hiyo ndiyo mizani yenyewe, na nyingine zote ni makosa ya mizani, huyo hasemi neno la elimu, asema neno la kiburi.

Pengine msomaji ataona kwamba huu ni ugomvi wa walimu wa sarufi. La, sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya VII, kanuni ya 3, yaagiza kwamba mtu anayedai mali isiyohamishika aieleze vya kutosha ili itambulike. Kueleza mahali, basi, si zoezi la darasani. Ni mlango wa haki. Sasa, kwa miaka mingi baada ya uhuru, katika mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo, mashahidi walisema kwa Kiswahili na maneno yao yakaandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisimama akasema: nyumba ya marehemu ipo mbele ya msikiti, na kiwanja kinachogombaniwa kimo nyuma yake. Aliyeandika alipaswa kuchagua papo hapo: mbele ipi? Nyuma ya nini, ya nyumba ama ya msikiti? Ni "ipo" au ni "iko"? Kiingereza kilimdai jibu ambalo shahidi hakuulizwa, na kikalitupa jibu ambalo shahidi alikwisha kulitoa. Kisha rufani ilisikilizwa juu ya karatasi, na karatasi haina kidole cha kuelekezea. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lilikuwa jambo jema, lakini limechelewa miongo mingi, na kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa hazitajiandika upya.

Tena liko jambo zito kuliko kesi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka Kariakoo, asubuhi ya Jumamosi, likafunika wafanyabiashara na wateja. Watu zaidi ya ishirini walikufa, na wengine waliokolewa baada ya kufukiwa. Katika saa kama hizo swali ni moja tu: watu wako wapi? Na lugha ya mji ule ina jibu la silabi mbili: wamo. Si kwamba wapo tu mahali fulani, wala si kwamba wako huko kwa kubahatisha, bali wamo, ndani, chini ya zege. Asemaye kwamba lugha yenye neno hilo haina usahihi wa mahali, na aende akawaambie waliokuwa wakichimba.

Wala haifai kusahau kwamba mji wenyewe umejengwa kwa maneno ya namna hiyo. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa aina za majengo, na nyuma ya aina za majengo zilijificha aina za watu. Wenyeji hawakuhitaji kuzisoma kanuni hizo ili kuzielewa. Walizitafsiri kwa silabi ile ile inayodharauliwa, wakasema Uzunguni na Uhindini. Kiwanja cha wazi cha Mnazi Mmoja kilichoutenga mji wa Wahindi na mji wa Waafrika wakakiita kwa mti. Na penye kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, jina la kikosi chao, "Carrier Corps", lilitafunwa likawa Kariakoo. Hapo Kiingereza hakikukifundisha Kiswahili mahali. Kiswahili kilikimeza Kiingereza kikakifanya mahali. Lugha iwezayo kufanya hivyo haina sababu ya kuomba radhi.

Soko lenyewe, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, halikujengwa kwa kufuata picha ya kitabu cha mazoezi. Lina ngazi tatu, ya chini ikiwa shimoni, na juu yake miavuli ya zege iliyopokea mvua na kuishusha. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini haukuunguza maneno yake. Mwanafunzi na ajaribu kulieleza kwa Kiingereza. "Sokoni chini" si "chini ya soko": ya kwanza ni sehemu ya soko yenyewe, ya pili ni udongo ulio chini ya msingi. Akifasiri zote mbili kwa "under the market", amewazika wachuuzi wakiwa hai. Hilo ndilo swali la mtihani lenye maana, kwa sababu jibu lake laweza kukaguliwa kwa miguu.

Watatokea watu wa kujibu kwamba biashara yahitaji Kiingereza. Kariakoo huja wanunuzi kutoka Zambia na Malawi, na mwenye duka asiyeweza kuwaelekeza stoo yake ilipo atawapoteza. Hoja hii ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli ndiyo inayoupinga ufundishaji uliopo. Mnunuzi wa Lusaka hataki kujua posta ya mji usio na jina. Ataka kujua kwamba fremu ipo ghorofa ya pili, kwamba ngazi zimo ndani ya kichochoro na si mbele ya jengo, na kwamba gari la mzigo litasimama ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi aliyefunzwa benki na kanisa tu hatamfikisha. Aliyefunzwa kwanza kuitambua tofauti ya "mbele" na "mkabala" katika lugha yake, kisha akaonyeshwa Kiingereza hukata wapi, atamfikisha mpaka mlangoni. Anayekipenda Kiingereza kwa dhati ndiye atakayetaka kifundishwe hivyo.

Wengine watasema kwamba namba zimekwisha kulimaliza jambo hili. Mwaka 2022 serikali iliendesha kazi kubwa ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikawekewa vibao. Kazi hiyo yastahili kusifiwa. Lakini namba humwambia mtu jina la jengo, haimwambii jengo hilo lina uhusiano gani na jirani yake. Vituo vya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vingeweza kuitwa kwa namba. Vikaitwa Posta ya Zamani, Gerezani, Msimbazi Polisi, Mwembechai. Mji wajua kwamba mtu hukumbuka kitu kwa kilicho karibu nacho, hata kama kilicho karibu nacho kimekwisha kuondoka.

Imebaki lawama moja, nayo si ya Waingereza wala ya vitabu vyao. Ni ya wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Wengi wao, na wasomi mbele yao, wameanza kuifanya "-ko" kuwa mtumishi wa kila kazi. Kitabu kiko mezani, fedha ziko mfukoni, mtu yuko chumbani, jengo liko pale. Fedha zilizomo mfukoni na fedha zilizoko Ulaya zimekuwa sawa. Mtu hawezi kuitetea nyumba huku akiung'oa mlango wake kwa mikono yake. Mwalimu wa Kiswahili asiyemsahihisha mwanafunzi asemaye "liko pale" hana haki ya kumkasirikia mwalimu wa Kiingereza asemaye kwamba Kiswahili hakitengi. Na mhariri wa gazeti aandikaye kwamba watu "wako ndani" ya jengo lililoanguka, wakati lugha imempa "wamo", amekopa umaskini akiwa na mali nyumbani.

Lipasalo kufanywa si kubwa, wala halidai fedha nyingi. Katika masomo ya lugha zote mbili, ramani ya mji usio na jina na iwekwe kando. Mwanafunzi wa Kariakoo na apewe mtaa wake. Wa Tanga na apewe Ngamiani. Wa Zanzibar na apewe Mji Mkongwe na vichochoro vyake. Na aueleze kwanza kwa Kiswahili kamili, akichagua "pa", "ku" na "m" kwa kujua na si kwa mazoea. Kisha na aueleze kwa Kiingereza, akionyeshwa waziwazi mahali ambapo Kiingereza humdai zaidi na mahali ambapo humdai pungufu. Mwishowe na atoke, maelezo yake mkononi mwa mwenzake, na mwenzake ajaribu kufika. Akipotea, hiyo ndiyo alama ya chini. Akifika, hiyo ndiyo alama ya juu. Hapatakuwa na haja ya kalamu nyekundu.

Mwanafunzi atakayefunzwa hivyo atajua lugha mbili, na atajua kwamba ni mbili. Anayefunzwa sasa huambiwa kwamba lugha ni moja, na kwamba ile aliyonyonya ni kelele za sokoni tu. Lakini sokoni hamna kelele peke yake. Mna maarifa. Na mwenye kutaka kuyajua na aende akaulize njia, kwa maana kuuliza si ujinga; ujinga ni kumdharau anayejua njia kwa sababu amejibu kwa Kiswahili.